Hedifoni za Bluetooth zinasumbua kwenye laptopu: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kukirekebisha

Sauti haitoki kabisa. Au inatoka kwenye spika za laptopu huku skrini inasema hedifoni zimeunganishwa. Au inakatakata kila ukiinuka kwenye kiti. Au muziki uliokuwa safi unageuka kuwa kama sauti ya simu ya mezani pindi tu unapoingia kwenye mkutano wa mtandaoni. Haya ni matatizo manne tofauti yenye vyanzo tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Ndiyo maana mtu anayekimbilia kufuta draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) au kupiga Windows upya hupoteza siku nzima, na jioni tatizo liko pale pale.

Mpangilio ulio hapa chini ndio ninaoufuata ninapoletewa laptopu yenye malalamiko haya. Unaanza na mambo yasiyohitaji kubadilisha chochote, kisha unazidi kuingia ndani. Nimezungumzia zaidi Windows 10 na Windows 11, na mwishoni kuna sehemu fupi za Linux na Mac. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo laptopu nyingi zilivyo.

Kwanza mjue mwenye kosa

Kuna washukiwa wanne: hedifoni zenyewe, hewa iliyo kati yake na laptopu, laptopu, na programu unayoitumia. Majaribio matatu yanatosha kuwatenganisha.

1. Zima Bluetooth ya laptopu, kisha unganisha hedifoni na simu yako. Cheza wimbo, halafu mpigie mtu simu ya kawaida umuulize anakusikiaje. Kama hata kwenye simu sauti inakatika au sikio moja limekufa, laptopu haina kosa.

2. Tenganisha hedifoni, cheza wimbo uleule kwa spika za laptopu. Kama nazo ziko kimya, tatizo ni la mfumo mzima wa sauti wa kompyuta, si la Bluetooth.

3. Azima hedifoni au spika nyingine ya Bluetooth, uiunganishe na laptopu. Ikifanya vizuri, rudi kwenye hedifoni zako: huenda zinahitaji kufutwa na kuunganishwa upya. Ikisumbua vilevile, kosa liko kwenye laptopu au mazingira yake.

Wakati huohuo angalia chaji. Hedifoni nyingi za bei nafuu huanza kukatakata betri inapokaribia kuisha, wakati mwingine kabla ya kutoa onyo. Kwa zile ndogo zinazokaa kwenye kikasha, tazama vidoto vya chuma vinavyogusana na kikasha. Jasho na vumbi hujenga utando pale, na sikio moja linakaa kikashani usiku kucha bila kuingiza chaji. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Kama sikio moja linasikika kwa mbali, wavu wake huenda umezibwa na nta ya masikio. Usafishe kwa mswaki mkavu laini huku umeuinamisha chini, na usitumbukize sindano.

Simu yako imezichukua

Hiki ndicho chanzo cha haraka zaidi kukiondoa. Hedifoni nyingi, ukiziwasha tu, hukimbilia kifaa cha mwisho zilichokitumia, na mara nyingi hicho ni simu iliyo mfukoni. Kwenye Windows utaona neno Paired, maana yake laptopu inazifahamu tu. Unachotaka ni Connected.

Zima Bluetooth ya simu kabisa kwa muda wa majaribio. Kisha kwenye laptopu fungua Settings, Bluetooth & devices, ubonyeze Connect mbele ya jina la hedifoni. Kwenye Windows 10 njia ni Settings, Devices, Bluetooth & other devices.

Kuna hedifoni zinazoweza kushika vifaa viwili kwa pamoja. Ni jambo zuri, lakini huleta kero yake: ujumbe wa WhatsApp ukilia kwenye simu, hedifoni zinaiacha laptopu kwa sekunde kadhaa, nawe unadhani laptopu ina tatizo. Ukiona sauti inapotea kila simu inapotoa mlio, umeshapata jibu. Zima uwezo huo kupitia programu ya hedifoni, au nyamazisha simu unapofanya kazi.

Zimeunganishwa, lakini sauti inatoka kwingine

Kwenye Windows 11 bonyeza Ctrl, Windows na V kwa pamoja. Orodha ya vifaa vya kutolea sauti itatokea, chagua hedifoni. Kwenye Windows 10 bofya alama ya spika pembeni ya saa, kisha bofya jina la kifaa lililo juu ya kipimo cha sauti ili orodha ifunguke.

Kama bado kimya, bofya alama ya spika kwa kitufe cha kulia uchague Open volume mixer, au kwenye Windows 10 nenda Settings, System, Sound, halafu App volume and device preferences. Hapa kila programu ina kipimo chake na kifaa chake. Chrome inaweza kuwa imefungwa kwenye spika za laptopu wakati kila kitu kingine kinaenda kwenye hedifoni. Rudisha sehemu ya Output iwe Default.

Kuna programu zinazoshika kifaa zilichokikuta wakati zinafunguliwa. Kama uliwasha kicheza video kabla ya kuvaa hedifoni, kifunge kabisa ukifungue tena kabla hujaanza kutafuta ubovu.

Muziki mzuri, mkutano mbaya

Hapa ndipo watu wengi wanapoteswa bila kujua kwa nini, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupeleka sauti kwenye hedifoni. Ya kwanza, A2DP, ni ya muziki: sauti pana, masikio mawili, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye laptopu kuja kwako. Haina nafasi ya maiki. Ya pili, HFP, ni ya simu: inabeba sauti kwenda na kurudi, ila kwa gharama ya ubora. Sauti inakuwa ya mkondo mmoja (mono), masikio yote yanasikia kitu kilekile, na inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, au mara 16,000 kwenye vifaa vilivyo bora kidogo. CD ya muziki hupimwa mara 44,100. Kwa kipimo cha 8,000, chochote kilicho juu ya hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) hakipiti, na hapo ndipo zilipo sehemu kubwa za herufi kama s na f. Ndiyo maana msemaji anasikika kama amefunikwa na shuka.

Kinachowasha njia ya simu ni kitu kimoja: programu yoyote kufungua maiki ya hedifoni. Hata kama hauongei, hata kama umejinyamazisha kwenye mkutano, maiki ikishafunguliwa kompyuta inahama. Ukitoka mkutanoni inarudi. Hedifoni za bei ghali hazikwepi jambo hili, na kufuta draiva hakulitibu.

Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja ina majina mawili kwenye orodha: moja lenye neno Stereo, jingine lenye Hands-Free AG Audio. Ukichagua la pili kwa kusikilizia muziki, utapata sauti mbovu siku zote. Windows 11 imeyaunganisha kuwa jina moja na inahama yenyewe, jambo lililorahisisha menyu lakini likaficha kinachoendelea.

Dawa ninayoipendelea ni hii: sikiliza kwa hedifoni, ongea kwa maiki ya laptopu.

1. Fungua Settings, System, Sound. Kwenye Output chagua hedifoni. Kwenye Input chagua maiki ya ndani, ambayo mara nyingi huandikwa Microphone Array.

2. Fanya hivyohivyo ndani ya programu ya mkutano, kwa sababu huwa na mipangilio yake isiyofuata ya Windows. Kwenye Zoom bofya mshale ulio kando ya alama ya maiki: sehemu ya maiki chagua ya laptopu, sehemu ya spika chagua hedifoni. Kwenye Google Meet fungua nukta tatu, Settings, Audio. Kwenye Teams ni Settings, kisha Devices.

3. Ingia kwenye mkutano wa majaribio peke yako, cheza wimbo kwa sauti ya chini, na usikilize. Ukibaki mpana na wa masikio mawili, umefaulu.

Maiki za laptopu nyingi zinatosha kabisa ukikaa nusu mita kutoka kwenye skrini, chumba kikiwa tulivu. Kama uko ofisini penye kelele au feni ya laptopu inavuma, maiki ya waya ya kubandika kwenye nguo itakusaidia kuliko maiki ya hedifoni nyingi za Bluetooth.

Wapo wasiotaka maiki ya hedifoni kabisa, wanaotumia laptopu kwa filamu na muziki tu. Hao wanaweza kuifunga njia ya simu moja kwa moja. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Bluetooth & devices, Devices, shuka chini hadi More devices and printer settings. Kwenye Windows 10 fungua Control Panel, kisha Devices and Printers. Bofya hedifoni kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha Services, ondoa tiki kwenye Handsfree Telephony, bonyeza OK. Kuanzia hapo maiki ya hedifoni haitaonekana tena kwenye laptopu hiyo mpaka urudishe tiki. Kwa mtu wa mikutano mingi siishauri, kwa kuwa ipo siku atahitaji maiki hiyo na atakuwa amesahau alichokifanya.

Na kama sauti inaharibika wakati huna mkutano wowote? Kuna programu imefungua maiki kimyakimya. Kwenye Windows 11 alama ndogo ya maiki hujitokeza karibu na saa. Isogelee na kishale itakutajia jina. Au fungua Settings, Privacy & security, Microphone, usome ni programu gani inaitumia sasa hivi. Mara nyingi utakuta Discord (programu ya maongezi), mchezo wenye maongezi, au ukurasa wa kivinjari uliosahaulika wazi tangu asubuhi.

Kero nyingine inayofanana na hii lakini si hii: ukiingia kwenye simu, muziki unashuka sana ingawa ubora wake haujabadilika. Hiyo ni Windows inapunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ili usikie simu. Bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, nenda kichupo cha Communications, chagua Do nothing.

Teknolojia mpya iitwayo LE Audio inakusudiwa kuondoa mgawanyiko huu wa njia mbili. Windows 11 imeanza kuikubali tangu toleo la 22H2, lakini inahitaji laptopu na hedifoni zote ziwe zimetengenezwa kwa ajili yake, pamoja na draiva zake. Kuandikwa Bluetooth 5.2 au 5.3 kwenye boksi hakutoshi. Kama laptopu yako inaweza, kwenye Settings, Bluetooth & devices, Devices utaona swichi ya Use LE Audio when available. Isipokuwepo hata baada ya kusasisha Windows na draiva, laptopu yako haiwezi, na hakuna programu ya kupakua itakayoileta.

Inakatakata

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, oveni za maikrowevu, na kipanya kisicho na waya. Inajitetea kwa kurukaruka kati ya njia 79 ndogo, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Zikijaa njia nyingi kwa pamoja, sauti inakatika.

Huku kwetu mshukiwa mkubwa ni hotispoti ya simu. Mtu ana bando kwenye simu, ameiweka kando ya laptopu, simu inarusha intaneti kwa gigahezi 2.4, laptopu inaipokea kwa kadi ileile inayorusha Bluetooth, mara nyingi kupitia antena ileile. Anapakua faili kubwa huku anasikiliza, na hedifoni zinaanza kugugumia. Pima hivi: cheza wimbo uliouhifadhi kwenye laptopu, zima Wi-Fi ya laptopu, sikiliza dakika mbili. Kugugumia kukiisha, umempata. Una njia tatu za kutoka.

Ya kwanza, na ndiyo imara zaidi, chomeka simu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotispoti washa USB tethering. Intaneti inapita kwenye waya, hewa inabaki ya hedifoni, na simu inachaji. Hakikisha waya ni wa data, kwa sababu kuna waya za kuchaji tu.

Ya pili, hamisha hotispoti iende gigahezi 5. Kwenye Android nyingi iko ndani ya mipangilio ya hotispoti, mahali palipoandikwa Band au AP band. Kwenye iPhone 12 na za baadaye, zima Maximize Compatibility. Laptopu za zamani zenye kadi ya gigahezi 2.4 pekee hazitaiona hotispoti hiyo tena. Ikitokea hivyo, rudi kwenye waya.

Ya tatu ni kwa wenye ruta nyumbani: unganisha laptopu na jina la mtandao la 5G la ruta, ambalo hapa maana yake ni gigahezi 5.

Mshukiwa wa pili ni vifaa vya USB 3. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3 hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye gigahezi 2.4. Kwa vitendo: diski ngumu ya nje iliyochomekwa kando ya mahali antena ilipo inaweza kuua Bluetooth. Ichomoe usikilize. Kama ndiyo yenyewe, ihamishie upande mwingine wa laptopu, au tumia waya mrefu zaidi na wenye ganda zuri.

Mshukiwa wa tatu ni mwili wako. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya masafa haya. Laptopu ikiwa mgongoni kwako, au imefunikwa skrini na kuwekwa nyuma ya kabati la chuma, zile mita 10 zinazotajwa hazitafika. Jaribu ukiwa umeikabili.

Lakini kama hedifoni zinakatika ukiwa mita moja tu, hewa ikiwa safi, na hedifoni zinafanya vizuri kwenye simu, fikiria antena. Laptopu nyingi zinazouzwa kama used, zile EliteBook, ThinkPad na Latitude zinazoingia kwa makontena, zimeshafunguliwa zaidi ya mara moja. Ndani, kadi ya Wi-Fi na Bluetooth ni kipande kidogo kuliko kiberiti, na juu yake kuna waya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe au kijivu, zinazobanwa kwa vitufe vya dhahabu visivyozidi punje ya mtama. Fundi akibadilisha SSD (diski ya ndani) bila uangalifu, kitufe kimoja huachia. Wi-Fi inaendelea kwa waya uliobaki, mwenye laptopu hashtuki, ila Bluetooth iliyokuwa inategemea ule mwingine inabaki na nguvu ya sentimita chache. Hakuna mpangilio wa Windows utakaotibu hilo. Mpelekee fundi, umwambie hasa: kagua waya za antena kwenye kadi ya Wi-Fi. Ni kazi fupi, na ukiitaja kwa jina hutauziwa kadi mpya usiyoihitaji.

Kuna kukatika kwa aina nyingine, kule kunakotokea baada ya dakika kadhaa za ukimya au laptopu inapokuwa kwenye betri. Hapo ni kubana umeme. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia, fungua Device Manager, panua Bluetooth, bofya mara mbili kadi yako, kichupo cha Power Management, ondoa tiki kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Kichupo hicho hakipo kwenye laptopu zote. Kisipokuwepo, endelea mbele.

Futa, unganisha upya

Hii ifanye kabla ya kugusa draiva, na ifanye kwa ukamilifu, maana watu wengi hufuta upande mmoja tu.

1. Kwenye laptopu: Settings, Bluetooth & devices, nukta tatu kando ya hedifoni, Remove device.

2. Kwenye simu nazo zifute, ili zisikimbilie huko katikati ya kazi.

3. Zirudishe hedifoni kwenye hali ya kiwandani. Kila modeli ina namna yake. Nyingi hutaka ushikilie kitufe kwa sekunde 10 au zaidi mpaka taa ibadilike. Fuata karatasi iliyokuja nazo.

4. Zima laptopu kwa Restart, si Shut down. Windows ikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo kwa ajili ya kuwaka haraka, na hitilafu inaweza kuhifadhiwa humo pia. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

5. Unganisha na laptopu kwanza, ujaribu, ndipo urudishe simu.

Huduma na draiva

Bonyeza Windows na R, andika services.msc. Tafuta Windows Audio, Windows Audio Endpoint Builder, Bluetooth Support Service na Bluetooth Audio Gateway Service. Bofya kila moja kwa kitufe cha kulia uchague Restart, au Start kama imelala. Hii ya mwisho ndiyo inayobeba njia ya simu. Ikilala, muziki utapita lakini maiki ya hedifoni haitafanya kazi.

Sasa draiva. Fungua Device Manager. Ukikuta Generic Bluetooth Adapter, Windows imeweka draiva yake ya jumla. Itaendesha, lakini mara nyingi hapo ndipo zinapotoka kasoro zisizoeleweka. Ukikuta Unknown device yenye alama ya njano, bofya mara mbili, kichupo cha Details, kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona maandishi yanayoanza na USB\VID. Herufi nne zinazofuata ni kitambulisho cha mtengenezaji: 8087 ni Intel, 0BDA ni Realtek, 0CF3 ni Qualcomm Atheros, 0A5C ni Broadcom. Ukishajua mtengenezaji, nenda tovuti rasmi ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika modeli iliyo chini ya laptopu, upakue draiva ya Bluetooth na ya Wi-Fi pamoja, kwa kuwa ni kadi moja. Epuka zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi hazina faida, na baadhi huleta virusi.

Kama tatizo lilianza mara tu baada ya sasisho la Windows, rudi nyuma badala ya kwenda mbele: kwenye sifa za kadi, kichupo cha Driver, bonyeza Roll Back Driver. Watumiaji wa Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Bluetooth yenyewe imetoweka

Hakuna swichi, hakuna kitu kwenye Device Manager. Kwanza hakikisha hali ya ndege imezimwa. Kisha zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, uchomeke tena na kuwasha. Kadi hizi hubaki na umeme hata laptopu ikiwa imezimwa, na zikikwama hazirudi mpaka umeme uishe. Kama bado, ingia BIOS (mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uone kama Bluetooth haijafungwa huko. Laptopu zilizotoka maofisini mara nyingine hufungwa kwa makusudi.

Sauti ndogo, au midomo na maneno kupishana

Sauti ikiwa ndogo mno hata kipimo kikiwa 100, au ikiruka kutoka ukimya hadi makelele kwa hatua moja, tatizo ni laptopu na hedifoni kugombea kipimo kimoja. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike mstari huu kama ulivyo:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Bluetooth\Audio\AVRCP\CT" /v DisableAbsoluteVolume /t REG_DWORD /d 1 /f

Kisha Restart. Sasa laptopu ina kipimo chake na hedifoni zina chao. Kurudisha, andika 0 badala ya 1.

Kuchelewa kwa sauti ni maumbile ya Bluetooth. Hakuondoki kote, kunafidiwa tu. YouTube na huduma kubwa za filamu kwenye kivinjari kwa kawaida hujirekebisha zenyewe. Kwenye kicheza video cha VLC bonyeza J ili kuivuta sauti mbele kwa milisekunde 50 kila mbonyezo, na K kuirudisha nyuma. Mibonyezo mitatu au minne kwa kawaida inatosha. Kwa michezo na kwa kurekodi muziki, tumia waya.

Linux na Mac, kwa kifupi

Kwenye Ubuntu na ndugu zake, weka programu ya pavucontrol. Kichupo cha Configuration kinakuonyesha waziwazi hedifoni ziko kwenye A2DP au kwenye njia ya simu, na unachagua mwenyewe. Sauti ikigoma, endesha systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse. Bluetooth ikiwa imefungwa, rfkill unblock bluetooth.

Kwenye Mac tatizo la njia mbili lipo vilevile. Fungua Audio MIDI Setup utazame hedifoni: kipimo kikiwa 16,000 au 24,000, maiki yake imefunguliwa. Nenda System Settings, Sound, Input, uchague maiki ya Mac. Kama Bluetooth imekwama, kwenye Terminal andika sudo pkill bluetoothd. Itajiwasha yenyewe.

Ukiamua kununua kipokezi cha USB

Laptopu yenye kadi ya zamani au iliyokufa haihitaji kutupwa. Kipokezi kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB kinatosha. Mitaani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, vimejaa vile visivyo na jina, vyenye maandishi ya CSR 4.0 (jina la chipu), na vingi ni nakala zinazokataa draiva. Nunua chenye jina la kampuni iliyo na tovuti ya draiva, na muombe muuzaji mkijaribu palepale dukani na hedifoni zako.

Ukifika nyumbani, kabla ya kukichomeka fungua Device Manager, bofya kadi ya ndani kwa kitufe cha kulia, chagua Disable device, kwa sababu Windows hutumia kadi moja tu ya Bluetooth kwa wakati mmoja. Chomeka kipokezi kwenye tundu la USB 2 kama lipo, mbali na diski ngumu ya nje, kisha unganisha hedifoni upya, kwa kuwa uunganisho wa awali ulikuwa wa kadi ya ndani.